Mwalimu Restituta na Uji Usiokorogwa

Mama Hermani alikuja Jumapili baada ya misa kurudisha ungo wangu. Ungo ulikuwa mtupu, lakini yeye mwenyewe alikuwa amejaa. Alivuta kigoda, akamtazama mwanangu Brightness aliyekuwa ananyonya, akayasifu mashavu yake, halafu akashusha sauti kana kwamba kuku wangu wangepeleka maneno.

Alisema yule mwalimu wa jiografia, yule dada wa Katesh anayetembea kama anafukuza ndama, amewafundisha watoto kwamba Mbulu inahama. Kijiji chetu cha Nambis chote, pamoja na makaburi. Amewaambia chini kuna moto na sisi tumekalia chungu. Na fensi ya Mzee Nicodemo, kwa jinsi Mama Hermani alivyosikia, imeshaanza safari.

"Wewe si ndiye unapika pale shuleni?" aliniuliza. "Hujasikia kitu?"

Nilimjibu kwamba jikoni mimi nasikia kuni tu. Haikuwa kweli. Nilikuwa nimesikia, nilikuwa nimeona, na sufuria iliyotumika ni ile ninayoisugua kila siku. Lakini Mama Hermani ukimpa kijiko cha habari anakurudishia ndoo, kwa hiyo nikamwongezea chai.

Mwalimu Restituta alikuja kwetu mwaka jana mwezi wa pili, barabara zikiwa mbaya. Alishuka kwenye pikipiki ameshika viatu mkononi, udongo umempanda mpaka magotini, na kabla hajamsalimia mkuu wa shule akawasalimia ng'ombe waliokuwa wanapita. Tulicheka sana. Yeye ni Mbarbaig wa tambarare, chini ya mlima Hanang, na huku juu sisi Wairaqw tuna utani kwamba kule kwao mtoto akizaliwa anaonyeshwa ng'ombe kwanza, halafu ndiyo mama yake. Alipoambiwa hivyo alijibu kwamba ni kweli, na ndiyo maana kwao hakuna mtu aliyewahi kupoteza ng'ombe. Kuanzia siku hiyo wazee wakawa wanamwitikia shikamoo yake kwa sauti kubwa.

Serikali haijamwajiri. Anajitolea, na wazazi ndio tunaomweka pale. Maana yake wazazi wakisema inatosha, anafunga begi. Hilo tunalijua wote, ila yeye analijua zaidi.

Asubuhi huku kwetu kuna baridi ya kung'ata masikio, kwa hiyo kabla ya kipindi cha kwanza anapita jikoni kwangu kuota moto. Nikimpa chai anaikoroga. Haina sukari, lakini ataikoroga mpaka ipoe. Mwiko ukiwa karibu anauchukua na kunikorogea uji huku anaongea. Brightness akilia mgongoni kwangu, anamtoa kwenye kitenge na kumzungusha hewani mpaka mtoto asahau alichokuwa analilia. Mikono yake haijui kukaa. Kitu kimoja tu hafanyi nayo: haonyeshi mlima kwa kidole. Bibi yake alimkataza tangu utotoni, akamwambia mkubwa hanyooshewi kidole. Basi hata darasani, penye ramani ukutani, akifika kwenye mlima anaonyesha kwa kidevu, na wanafunzi wake siku hizi wote wanaonyesha milima kwa kidevu.

Siku moja nilimuuliza kwa nini alichagua jiografia. Akasema mwaka ule matope yaliposhuka kutoka Hanang mwezi wa Desemba, alikuwa yuko chuo. Alirudi nyumbani akakuta mama yake amewapokea watu waliopoteza kila kitu, na kila mmoja ana maelezo yake. Huyu anasema kuna nyoka ndani ya mlima, huyu anasema ni bomu, huyu anasema volkano imeamka. Mama yake akamgeukia yeye, msomi wa familia, akamwuliza ni nini hasa. Yeye alijua kwamba ni mvua nyingi na mwamba uliolegea, si moto wa chini. Alijua pia mlima wenyewe ulitokana na moto huo zamani sana. Lakini yote aliyajua kwa Kiingereza, na Kiingereza si lugha ya mama yake.

"Nilisoma miaka mitatu," aliniambia, "halafu nikashindwa kumjibu mama yangu swali moja."

Ndiyo maana, nadhani, anahangaika vile. Akifundisha kwa Kiingereza wanafunzi wanaitikia vizuri, wanaimba maneno yote, ila macho yao yanakuwa kama ya mbuzi wanaotazama mvua. Mimi nawaona kupitia dirisha la jikoni, maana darasa la kidato cha tatu liko hapo karibu. Na yeye anawaona.

Jumatano ile, kabla ya hiyo Jumapili ya Mama Hermani, aliwatoa nje wote na kuja nao jikoni. Akaniomba sufuria ya wastani, maji, na konzi ya pumba za mahindi. Akaiweka katikati ya mafiga, akasukumia kuni tatu nene, akamwaga pumba juu ya maji na kuwaambia watazame jinsi joto linavyosukuma vitu. Maji yalichemka sufuria nzima kwa mara moja. Pumba zikaruka huku na huku kama siafu waliomwagiwa majivu. Mwalimu alipoona haieleweki, akachukua mwiko wangu akakoroga, ili waone vizuri.

Msichana mmoja, mjukuu wa Mzee Nicodemo, aliuliza kwa adabu kabisa ni nani anayekoroga kule chini. Mwingine akajibu ni serikali. Walicheka mpaka kengele ikalia. Mwalimu Restituta alicheka nao, akawaambia wachore mchoro wa kitabuni, wenye mishale. Kisha akazunguka nyuma ya jiko, akasimama anazitazama kuni zangu kama zimemkosea.

Mimi nimeishia darasa la saba. Dunia ya chini siijui. Lakini uji naujua, nao nimeutazama kila asubuhi tangu nianze kazi hii. Nikamfuata nikamwambia pole pole, "Mwalimu, ukikoroga hutaona kitu. Unachokiona pale ni mkono wako."

Alinitazama. Nikamwonyesha kile ninachokiona mimi saa moja asubuhi nikiwa peke yangu. Niliweka uji mwepesi, nikaivuta sufuria pembeni ya mafiga ili moto uguse upande mmoja tu, nikabakisha kuni moja nyembamba. Nikanyunyiza pumba kidogo. Halafu nikakaa, nikamwambia naye akae.

Kwanza hakuna kitu. Halafu upande wa moto uji ukaanza kupanda kutoka chini, taratibu, kama mtu anayeamka. Ukifika juu unasambaa kuelekea upande wa baridi, na pumba zinasafiri nao. Zikifika ukingoni zinasita, zinainama, zinazama. Ukisubiri unaziona zinaibuka tena upande wa moto. Na huku kwenye ubaridi uji unafanya utando, utando unasukumwa, unajikunja mikunjo kama kitambaa, na mahali pengine unapasuka na kuachana.

Mwalimu Restituta alichuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Ndiyo mara ya kwanza niliona mikono yake imetulia, imekumbatia magoti. Alikuwa ananong'ona, sijui kwangu au kwa uji. Alisema hiyo mikunjo ni milima. Alisema pale palipoachana ni Bonde la Ufa, na ule ukuta tunaoushuka Magara tukienda chini kwenye ziwa ni ukingo wa utando uliopasuka. Alisema na ukingo uliopoa ukizama unauvuta utando wote nyuma yake, kama ng'ombe wa mbele anavyovuta kundi.

Siku hiyo shule nzima ilikunywa uji wenye harufu ya moshi. Nikasema kuni zilikuwa mbichi.

Alitaka kurudia somo kesho yake, lakini mitihani ya majaribio ikaanza. Wanafunzi wakabaki na ule mchoro wa mishale, na huo ndio uliotembea nyumba kwa nyumba mpaka ukamfikia Mama Hermani.

Sasa hiyo fensi. Mashamba ya Mzee Nicodemo na Baba Yoakimu yamepakana, na mpaka wao ni mstari wa manyara. Kila mtu huku anajua mmea ule: unakata tawi, unachomeka ardhini, mvua moja tu limeshika. Wakati wa masika Mzee Nicodemo alichomeka matawi mapya, hatua nne ndani ya shamba la jirani yake, akayaacha ya zamani yakauke. Baba Yoakimu alipokwenda kuuliza, siku mbili baada ya somo lile, mzee hakubisha wala hakukubali. Aliingia ndani akatoka na daftari la mjukuu wake. Mchoro ulikuwa safi, mishale inaelekea upande wa Baba Yoakimu, na chini, kwa kalamu nyekundu, vema kubwa la mwalimu. Mzee akasema yeye hajagusa kitu. Ardhi inasogea, na hata shule imesahihisha.

Baba Yoakimu ni mtu mpole, hakusoma. Angeweza kubishana na jirani, lakini kubishana na wino mwekundu hakujua anaanzia wapi. Akaenda moja kwa moja kwa Mzee Akonaay, mwenyekiti wa wazazi. Alimwambia kwamba mwalimu huyo ataleta vita. Leo amehamisha shamba, kesho atahamisha nini? Aondoke.

Kikao kikaitwa Ijumaa saa tatu asubuhi. Kwa kuwa madarasa yote yalikuwa na mitihani, kikafanyika nje, mbele ya jiko langu. Mwalimu Restituta alikuja saa moja kama kawaida, akashika kikombe bila kunywa. Aliniambia kidato cha nne wana mtihani wa taifa mwezi wa kumi na moja na hakuna mwalimu mwingine wa somo lake. Halafu akasema lile lililokuwa chini zaidi: kwamba akirudishwa Katesh, mama yake atamwuliza amefukuzwa kwa nini, na litakuwa swali la pili asiloweza kumjibu.

Nilimpa mtoto ambebe, nikavuta sufuria pembeni ya mafiga.

Wazee walikaa kwenye mabenchi, watu kama kumi na tano. Mzee Akonaay alifungua kwa sala, akamwomba mwalimu aeleze kwa kifupi alichowafundisha watoto. Mwalimu akanirudishia mtoto, akasimama, akaanza vizuri, halafu Kiingereza kikampanda. Aliongea haraka, mikono inapaa, akarudi nyuma, akaanza upya. Niliona nyuso za wazee zinafungwa moja moja. Baba Yoakimu alikuwa anachora chini kwa fimbo yake. Mzee Nicodemo alikuwa ameshika lile daftari mapajani kama kitabu cha nyimbo.

Mwalimu akanyamaza katikati ya sentensi. Akageuka akaniona nimekaa pale, sufuria imekaa upande, moto ni mdogo, pumba zimeshaanza kusafiri.

"Wazee wangu," alisema, "naomba msogee hapa jikoni. Nisamehewe, maneno yangu ni mabaya leo."

Wanaume wazima kuja jikoni si jambo la kila siku. Walikuja kwa sababu ya harufu, nadhani, na kwa sababu ya baridi. Walizunguka sufuria. Mwalimu akachuchumaa, na palepale mkono wake wa kulia ukaanza kupapasa kutafuta mwiko. Ulipapasa kulia, ukapapasa kushoto. Mwiko nilikuwa nimeukalia. Akanitazama, nikatazama moto.

Basi akaacha. Wote wakatazama. Uji ukafanya kazi yake mbele yao. Ulipanda, ukasambaa, ukapoa, ukazama. Mzee Akonaay alivua kofia akainama mpaka nikaogopa kwa ajili ya miwani yake.

Ndipo mwalimu akaongea, sasa polepole, kwa Kiswahili cha nyumbani. Alisema chini ya miguu yetu, mbali sana, kuna mwamba uliopata moto. Si uji, ni jiwe gumu kabisa, lakini moto mwingi na muda mrefu kupita hesabu vinalifanya liende hivi hivi, kupanda na kuzama. Na huu utando wa juu ndio sisi: Nambis, Endagikot, Hanang, wote.

"Kwa hiyo shamba langu linahama au halihami?" Baba Yoakimu aliuliza.

"Linahama, baba."

Mzee Nicodemo alitabasamu, akawageukia watu na daftari lake.

"Kwa mwaka mmoja," mwalimu aliendelea, "linahama kutoka ng'ambo ya Bonde la Ufa kama unene wa punje ya mahindi. Tangu Mzee Akonaay azaliwe halijafika urefu wa mkono wake, kutoka kiwiko mpaka vidole. Na likienda haliendi peke yake." Akachagua pumba mbili, akaziweka juu ya utando, zikiwa zimekaribiana. "Hii Mzee Nicodemo. Hii Baba Yoakimu. Tuwatazame."

Tuliwatazama. Nakuambia nimeona watu wakitazama mpira kwenye televisheni pale Mbulu mjini bila kuwa makini namna ile. Pumba mbili zilisafiri taratibu, bega kwa bega, nafasi kati yao haikuongezeka wala haikupungua. Hakuna aliyemsogelea mwenzake. Zikafika ukingoni, zikasita, zikazama zote.

"Tumekwenda pamoja," Baba Yoakimu alisema.

Watu wakaanza kucheka, kwanza kidogo kidogo. Mwalimu hakucheka. Akasema ardhi ikisogea inabeba fensi, inabeba shamba la huku na la kule, inabeba choo na kanisa, na majirani wanabaki majirani. Mzee Nicodemo akasema, lakini daftari lina vema.

"Vema niliweka mimi, babu, na mjukuu wako hajakosea," alimjibu kwa heshima. "Ila aliyechomeka manyara hayumo kwenye ule mchoro. Hatua nne kwa mwendo wa ardhi ni zaidi ya miaka mia sita."

Mzee Akonaay akarudisha kofia kichwani. "Nicodemo," alisema, "wewe una miaka mingapi?"

Hapo hata Mzee Nicodemo mwenyewe alishindwa kuzuia kicheko. Mabega yalianza kumtikisika, akajifanya anakohoa, akasema uji unaungua. Na kweli ulikuwa unaungua. Alipomaliza kukohoa alisema manyara ni mmea wa kushika haraka, hauna shida, atayarudisha mwenyewe kwa mkono wake kabla ya mvua za vuli, na Baba Yoakimu awepo ashuhudie. Baba Yoakimu akasema atakuja, na atakuja na kamba ya kupimia.

Kikao kilimalizika bila kurudi kwenye mabenchi. Mzee Akonaay alitamka kwamba mwalimu abaki, kidato cha nne wafundishwe, na kuanzia sasa kila akiweka vema kwenye mchoro wa namna hiyo aandike na mwendo wake pembeni, ili wazee wasipate tamaa. Nikawamiminia uji. Waliunywa wote, wenye moshi vile vile, na hakuna aliyelalamika. Mama Hermani, ambaye sijui alifika saa ngapi, alisema yeye tangu mwanzo alijua fensi haiwezi kutembea.

Mchana nilikuwa nasugua ukoko chini ya sufuria kwa mchanga na majani. Ukoko wa siku hiyo ulikuwa mzito kama gome. Mwalimu Restituta alikuja, akamchukua Brightness kutoka mgongoni kwangu, akakaa naye juu ya gogo. Nilisubiri amzungushe. Hakumzungusha. Alimpakata tu, mtoto akamshika kidole, wakakaa.

Akaniambia likizo ikifika atakwenda Katesh, na safari hii atamwita mama yake jikoni. Maziwa yapo, nayo yanafanya utando, na moto upo. Akaelekeza kidevu upande wa Hanang, ingawa siku hiyo kulikuwa na mawingu na mlima hatukuuona.

Nikamwambia asisahau kuweka kuni nyembamba.

"Sitasahau," alisema. Kisha akacheka kidogo, akiangalia mkono wake wa kulia. "Mama Brightness, Jumatatu nawaleta hapa kidato cha nne, wote arobaini. Nakuomba kitu kimoja tu. Mwiko uukalie tena."